Kuzinduliwa kwa Kituo cha Kukata Vitambi, Nguba

(Hotuba ya Bwana Zagabe Cyprien, Coordonnateur wa Ustawi wa Mwili, mbele ya dispensaire, zahanati ya avenue yetu, mwaka 1999, saa nne asubuhi. Nimeiandika mimi Anaclet, katibu wa kikao, neno kwa neno. Yaliyo ndani ya mabano ni yangu. Chef wangu Zagabe hasomi mabano.)

Excellence Mkuu wa Jimbo, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kiti chake. Waheshimiwa Makamanda wa eneo, wale wanaotawala asubuhi hii pamoja na wale watakaokuwa wanatawala nitakapomaliza kusema. Padri wetu mpendwa. Wachungaji wa makanisa yote, ya zamani na ya juzi. Bwana Chef de quartier. Bwana Chef d'avenue. Bwana Chef wa nyumba kumi, ingawa zimebaki nane. Maman wauzaji wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Wakimbizi wapendwa kutoka Luberizi. Maman, papa, tonton, na nyinyi wote mliokuja na masufuria mkidhani leo tunagawa unga: karibuni, na masufuria wekeni chini. (Hakuna aliyeweka chini.)

Mimi mtumishi wenu, licencié wa chuo kikuu, mwenye mafunzo, stage, mbili za Kinshasa na moja ya Bruxelles ambayo nilikaribia kuifanya, nasimama mbele ya mlango huu, uliokuwa zamani mlango wa chumba cha kuzalia, na ambao tangu miezi mitatu umefungwa kwa sababu za kiufundi ambazo mwananchi wa kawaida hawezi kuzielewa, ili niwatangazie rasmi, solennellement, na kwa unyenyekevu ninaojulikana nao mji mzima, kuzaliwa kwa Centre Pilote Intégré ya Chirurgie ya Uzito, yaani upasuaji wa kupunguza unene, kwa kifupi CEPICHU! (Makofi ya watu wawili: mke wa chef, Maman Virginie, na dereva wake.)

(Hapo Maman Colette, muuza sambaza, alisimama. Pembeni yake alikuwa mke wa mwanawe, Larissa, mimba ya miezi tisa, amefunga pagne ya bluu, ameegemea ukuta. Akasema: "Papa Chef, pardon. Huyu mutoto wangu Larissa uchungu imemukamata tangu asubuhi. Barabara ya hôpital askari wameifunga mpaka jioni. Tufungulie chumba.")

Asante maman kwa mchango wako mzuri. Chumba kitafunguliwa baada ya hotuba, kwa kukata utepe, kama protocole inavyotaka. Hotuba ina kurasa ishirini na nane tu.

Ndugu wananchi, uzito ni adui. Enquête tuliyoifanya juu ya watu mia moja wa avenue hii imeonyesha kwamba quatre-vingt-dix-sept virgule trois pour cent, asilimia tisini na saba nukta tatu, yao wamekwisha kupungua, bila kisu, bila daktari, ndani ya miaka mitatu tu! Ni mji gani duniani uliopata résultat ya namna hii kabla projet haijaanza? (Mwalimu Pascal aliuliza katika watu mia moja hiyo virgule trois ni mtu gani. Sauti nyingine: "Ni njaa, chef!") Ndiyo papa, nimekusikia. Katika rapport tumeiita régime, yaani kula kwa mpango.

Na msilitazame tumbo langu mimi. Hili si tumbo la mtu binafsi, hili ni mali ya serikali. Nikikonda leo, kwenye barrière, kizuizi cha askari, nitapita vipi? Askari atanitazama atasema huyu si chef, huyu ni mwalimu, mrudisheni. (Kicheko. Mwalimu Pascal hakucheka.)

Sasa twende kwenye options, maana mwananchi ana haki ya kuelewa kabla ya kulala mezani. Option ya kwanza inaitwa anneau. Daktari anachukua pete, si ya ndoa, Maman Virginie usishtuke, anaivisha tumbo hapa juu, anakaza, na kuanzia siku hiyo chakula kinapita kidogo kidogo kama watu kwenye daraja la Ruzizi: unakula vijiko vitatu vya ugali, tumbo linasema complet, limejaa. (Mkimbizi mmoja wa Luberizi: "Na hivyo vijiko tatu, vitatoka wapi?") Hilo swali ni la phase ya pili.

Option ya pili ni agrafes. Wanapiga tumbo pini, kama vile katibu wangu Anaclet anavyopiga karatasi, likabaki kifuko kidogo cha ukubwa wa yai. (Agrafeuse yetu haina pini tangu 1996. Naliandika hilo kwa sababu nimeliandikia barua mara nne.) Option hii ni ya kudumu, haibomoki, isipokuwa...

(Larissa alitoa mlio. Maman Colette: "Chef, ufunguo!" Na mkunga wetu, Maman Agnès, ambaye tangu chumba kifungwe anazalisha watu jikoni kwao, akavua viatu na kukunja mikono ya blauzi. Alisema: "Mambo iko karibu. Leta ufunguo.")

Utulivu, mamans! Utulivu! Nimefika ukurasa wa tisa. Na kwa kuwa mwananchi anaelewa zaidi akiona kwa macho, naomba yule maman wa pagne ya bluu ageuke upande huu, aonekane na waheshimiwa wote. Tazameni! Katika mkutano huu wote, mbali na mimi, ndiye peke yake mwenye tumbo. Huyu ndiye bénéficiaire, mnufaika tunayemtafuta! Huyu tungemshauri option ya tatu, bypass, ambapo utumbo unapitishwa pembeni, kama lori linalozunguka barabara iliyokatwa na mvua...

("Ni mutoto, haiko mafuta!" Uwanja mzima ulipiga kelele kwa pamoja, na Padri naye alikuwemo.)

Nimesikia. Kila uzito una sababu yake, na CEPICHU haibagui sababu. Tafadhali, msisogee. Msisogelee mlango. Maman Agnès, shuka kwenye ngazi, hiyo ni sehemu ya viongozi! Ufunguo? Ufunguo upo. Upo chini ya ulinzi. Uko katika circuit ya kiutawala. Hapana maman, usiniingize mkono mfukoni, mimi ni autorité! (Maman Agnès aliingiza mkono. Mfuko wa kulia: kitambaa. Mfuko wa kushoto: nusu ya andazi. Ufunguo hakuna.)

(Sasa niseme kweli: mimi niliogopa. Larissa alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, jasho linamtiririka, na yule bwana amesimama katikati ya mlango na karatasi zake. Nikaweka kalamu chini. Papa Mugisho, seremala, akapita kando ya chef bila kumsalimu, akang'oa bawaba mbili za mlango kwa patasi, dakika haikuisha. Ndani hapakuwa na mashine wala pete wala pini. Kitanda kilikuwa palepale, beseni palepale, taa ya petroli palepale, na vumbi la miezi mitatu. Wanawake wakamwingiza Larissa. Wale wenye masufuria wakakimbilia ziwani kuchota maji, wakayapasha kwenye makaa ya muuza mihogo. Nilirudi kwenye kalamu yangu kwa sababu chef alikuwa hajanyamaza.)

... na kama mnavyojionea wenyewe, wananchi wameipokea Centre kwa hamasa isiyozuilika, hata kuufungua mlango kwa nguvu ya umma! Narukia ukurasa wa ishirini na saba. Tumbo dogo, oyee! (Hakuna.) Pete ya tumbo, oyee! (Hakuna.) Amani, oyee! (Oyee! Kwa nguvu sana, mpaka askari wa barrière wakageuka.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru daktari mpasuaji kutoka Ulaya, ambaye angelikuwepo angelikuwa hapa. Nawashukuru bailleurs de fonds, wafadhili wetu, ambao siku wakipatikana tutawajulisha majina yao. Namshukuru tonton wangu Hugues, aliyetoka Bruxelles na revue moja, jarida la udaktari, ukurasa wa arobaini na moja, wenye picha za matumbo, ndiko wazo hili lilikotoka, maana wiki ile sikuwa na kitu kingine cha kusoma. Na zaidi ya yote, nalishukuru Ziwa Kivu, ambalo siku ya Pentekoste, nikiwa kwenye pirogue, mtumbwi, katika mission de service, safari ya kikazi, pamoja na kuku wa kuchoma, lilipokea kutoka mfukoni mwangu ufunguo wa chumba hiki, ufunguo wa pekee. Na kwa kuwa kiongozi hawezi kusimama mbele ya wanawake na kusema "nimepoteza ufunguo," niliona afadhali niunde projet.

(Maman Virginie alijifunika uso kwa pochi. Maman Colette alichungulia kutoka chumbani, akamwangalia chef kutoka kichwani hadi viatuni, akasema pole pole: "Miezi tatu, Papa Zagabe. Tumezalia jikoni miezi tatu, sababu ya haya yako?" Chef akakunja karatasi zake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu saa nne. Ndipo mtoto akalia, kwa sauti nene, na watu wote wakasahau kuwa na hasira.)

(Maman Agnès akatoka na karatasi ya uzito wa mtoto, aliyepimwa kwa mizani ya sambaza. Chef akamnyang'anya, akavaa miwani, akapanda juu ya kiti cha Mkuu wa Jimbo.)

Wananchi! Habari imenifikia sasa hivi! Bénéficiaire wa kwanza wa CEPICHU amepungua kilo tatu na gramu mia sita, kwa dakika ishirini, bila kisu, na kilo zenyewe zinanyonya!