Pakiti za Alama ya Jogoo

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Siwema tena! Sokoni Kisarawe watu wanakanyagana kwake, mimi napepea nzi. Muhogo ni ule ule, umekatwa mwembamba, umekaangwa mpaka unalia mdomoni. Yeye anaufunga kwenye karatasi tupu, hata jina haina. Ushamba! Nimechonga muhuri wa jogoo, nikauchovya kwenye wino. Sasa mali yangu inaitwa Jogoo, na mwenye kuleta karatasi saba zenye alama anapewa jogoo mzima. Jogoo mwenyewe ni wa mke wangu, Tatu. Anamfugia mama yake, anayekuja Ijumaa kutoka Mlandizi. Tatu akasema jogoo akitoka, na yeye anatoka. Nikamwambia atulie, nani atamaliza pakiti saba?

Jumanne, 4 Agosti
Bahati! Mzee Maneno ana shamba la muhogo ukingoni mwa pori. Nguruwe wamefukua mashamba yote ya jirani, lake hawajaligusa. Mihogo minene, bei ya kutupa! Mzee akaanza kunieleza habari za kuloweka, sijui kuanika. Nikamkatiza. Mimi, mzaliwa wa Kisarawe, nifundishwe muhogo?

Jumatano, 5 Agosti
Pakiti zote zimekwisha kabla ya adhuhuri! Mimi sikuonja hata kipande, mali ni ya wateja. Siwema akapita, akaokota kimoja, akakitema. Akasema huu ni muhogo mchungu, ndiyo maana hata nguruwe wameukataa. Wivu mtupu! Anamsikiliza nguruwe, mimi hanisikilizi.

Alhamisi, 6 Agosti
Balaa. Soko zima linashika tumbo. Jumbe ameniita, akasema nikusanye pakiti zangu zote, la sivyo nisahau kuuza hapa. Nimempa kijana wa jirani, Pazi, ngoma azunguke akipiga mbiu: kila mwenye pakiti ya Jogoo airudishe kwangu kesho.

Ijumaa, 7 Agosti
Wamerudisha. Karatasi tupu! Muhogo wameutupa jalalani, karatasi wamezitunza. Mbele kabisa Siwema, na furushi la karatasi alizoziokota sokoni. Akahesabu saba mbele ya jumbe. Nikalalamika kwamba hakununua hata moja. Jumbe akasema sikutangaza kununua, nilitangaza kuleta. Dhuluma! Jogoo akatoka akiwa amebanwa kwapani mwa Siwema, mama mkwe akiingia uani. Mama mkwe amekula mchicha. Jioni Siwema akamletea bakuli la mchuzi wa kuku. Mama mkwe akamsifu sana, akauliza kwa nini sikuoa mtu kama huyo.

Jumamosi, 8 Agosti
Tatu ameondoka na mama yake. Hakuaga. Nyumba imenyamaza, hata wa kuniamsha alfajiri sina. Roho inaniuma kweli.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: mafuta! Mwenye duka kule sokoni aliniuzia mafuta ya zamani, aibu kwake. Naandika haya Kibaha, niko njiani kwenda Mlandizi kumwomba Tatu radhi. Na sitafika mikono mitupu. Hapa hapa Kibaha, kijiji cha Pangani, nimepata shamba la ajabu: nyani wamemaliza mihogo ya pande zote, hili hawajang'oa hata shina moja! Nimekwisha nunua, nimekwisha kaanga, kwa mafuta mapya. Karatasi zina alama mpya, ya mbuzi. Mama mkwe anaye mmoja mzuri sana. Pakiti ya kwanza nitamlisha yeye kwa mkono wangu.