Askari Niliowarudisha Nyumbani

Leo nimeumbuka, ndugu zangu wa Mbalizi. Nimeumbuka mpaka nikatamani ardhi ipasuke nizame!

Mnajua hapa shuleni Iringa mimi ndiye msoma habari. Kila asubuhi nasikiliza redio ya bweni, nakariri, halafu mstarini nawasimulia wenzangu mambo ya vita. (Kwa sauti nzito. Nimeifanyia mazoezi bafuni.) Redio ni moja tu, na betri zake zimechoka. Jana nilizianika juani juu ya bati kutwa nzima, leo asubuhi nikazing'ata kwa meno, zikaamka kidogo.

Taarifa ikaanza. Mikwaruzo mitupu. Kisha nikasikia, "...wameanza kurejea nyumbani," redio ikazima. Kimya!

Wameanza kurejea akina nani? Mwenye akili angesema, "Ndugu, betri zimekufa." Mimi je? Nikajijazia mwenyewe. Mstarini nikapaza sauti: "Askari wetu wameanza kurejea nyumbani!"

Loo! Shule ikalipuka. Nyimbo, vigelegele, vumbi. Nikabebwa juu juu! (Hapo ndipo ningeshuka nikaomba radhi. Nikapunga mkono.)

Mama Fidelis, mpishi wetu, akatoka jikoni na mwiko. Fidelis ni mwanawe wa pekee, yuko vitani, na tangu masika mama hajasikia habari zake. Akanishika mashavu kwa mikono yenye unga.

"Hata wangu?"

"Hata wako, mama."

Akavua aproni, akakimbia kwake Kihesa.

Saa nane mkuu wa shule akaniita. Redio yake ina betri mpya.

"Wanaorejea ni wanavijiji wa mpakani waliokimbia mapigano. Askari bado wako vitani. Wewe umewarudisha kwa amri ya nani?"

Nikaanza kutaja betri, akanikatiza.

"Mama Fidelis yuko stendi. Nenda ukamwambie kwa mdomo huo huo."

Nikamkuta. Kitenge kipya, kilemba, kikapu mapajani. Kila basi likiingia anasimama, anawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, anakaa tena.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Na wewe umekuja kumpokea?"

Ee Mungu wangu! Sauti yangu ya mstarini sijui ilikwenda wapi. Nikamweleza huku nalia, mbele ya makondakta na wauza karanga, kwamba redio haikutaja askari. Niliwataja mimi.

Nikangoja kofi. Kweli nililitaka. Yeye akawa anatazama barabara tu.

"Kwa hiyo hawakusema amekufa."

"Hapana, mama. Hawakusema lolote juu yake."

"Haya." Akafungua kikapu. Kuku mzima wa kukaanga, na ugali bado wa moto. "Kula. Nikirudi nacho chakula hiki nyumbani nitalia, na majirani nimeshawaita."

"Mama, siwezi."

"Kula, nimesema!"

Nikala. Akanichagulia paja, akasema Fidelis hupenda paja. Tukakaa pale mpaka basi la mwisho, maana alikataa kuondoka kabla ya kuliangalia na hilo.

Basi, nawaomba msinicheke. Mwenye kuku wake bado yuko vitani, na mimi ndiye niliyemla.