Ofisi ya Dhamira Moja

Uvumi wenyewe niliupata kwenye foleni ya maji, kutoka kwa jirani yangu mshonaji, na tangu siku hiyo haukunitoka kichwani hata nikiwa kazini napiga pasi. Eti mtoto akigundulika ameona dhamira mbili ndani ya kitabu kimoja, anarudishwa darasa, na mzazi wake anaitwa aeleze nyumbani kuna nini.

Nilimwambia ananitania. Akasogeza ndoo yake mbele, akasema, "Shoga, mtoto wa wifi yangu aliona dhamira mbili na nusu. Mpaka leo ofisi haijui ile nusu iiweke wapi."

Wiki haikuisha, gari lenye kipaza sauti likapita mtaani. Likatangaza kwamba Ofisi Kuu ya Uchambuzi wa Vitabu imekamilisha kazi ya miaka kumi na moja. Kuanzia sasa kila kitabu kikubwa cha hadithi kina mhusika mkuu mmoja, mgogoro mmoja na dhamira moja, vyote vimehakikiwa na kupigwa muhuri. Wananchi tukaombwa tusome kwa amani.

Mimi nilishukuru, na sioni haya kusema hivyo. Niliishia darasa la saba. Enzi zetu kila mwalimu alikuwa na dhamira yake, yaani lile jambo analodai kitabu kinataka kutuambia. Huyu aliona mapenzi, yule akaona mashamba, na siku ya mtihani hukujua nani kashika kalamu nyekundu. Sasa serikali imekaa chini, imefikiri kwa niaba yetu, imemaliza. Mzazi mwenye akili timamu angetaka nini tena? Nikamwita binti yangu nikamwambia, mwanangu, ukifungua kitabu uone walichokiona wakubwa, usiangalie pembeni.

Kitabu cha darasa lao kilikuwa kile cha zamani ambacho kila mtu anakijua: ndugu wawili wamerithi nyumba moja, na kwa kurasa mia tatu na kumi na mbili wanagombana ukuta wa kuigawa upite wapi. Mwongozo wa Ofisi ulikuwa ukurasa mmoja. Mhusika mkuu: kaka mkubwa. Mgogoro: ukuta. Dhamira: umoja. Na msidhani Ofisi ilifanya mzaha. Kitengo cha Kusuluhisha Migogoro ya Hadithi kilimtuma mpima ardhi akaupime huo ukuta. Alirudi na taarifa kwamba nyumba haikuonekana, akaomba aongezewe siku.

Basi mtihani ukaja, na binti yangu akaangalia pembeni.

Aliandika kwamba mhusika mkuu ni mke wa kaka mkubwa. Kitabu kizima mama huyo hana jina, anaitwa "wewe". Binti yangu alihesabu: ameleta chai mara arobaini na tatu, na hakuna aliyemwambia keti. Mgogoro wake, akaandika, ni kwamba anataka kukaa chini. Dhamira ni uchovu.

Akapata sifuri. Barua ikaja ikiwa na mihuri miwili, ikisema mtahiniwa ameonyesha uwezo wa kuona visivyoagizwa, kwa hiyo atarudia darasa la saba. Rufaa zitasikilizwa kabla ya Ijumaa, siku ambayo orodha ya viti vya sekondari inafungwa.

Nilisoma barua hiyo mara tatu. Darasa la saba ndipo mimi nilipokwama, kwa sababu orodha ilifungwa na jina langu halikuwamo. Nikamwuliza binti yangu ni nani aliyemfundisha kuona mambo kama hayo.

"Hakuna, mama," akasema. "Nilihesabu tu."

Nikaona kama nakwenda kumtetea mtu, lazima nijue alichofanya. Nikabeba kitabu hadi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ninapofanya kazi, nikawa nasoma ukurasa, napiga pasi foronya, nasoma ukurasa. Sikuwa nimesoma kitabu kizima tangu shule. Nilianza nikiwa upande wa kaka mkubwa, maana ndiye aliyekuwa na muhuri. Nilipofika kurasa za mia mbili na kitu, yule mama akaweka maji ya vuguvugu kwenye beseni ili aloweke miguu. Akatia mguu mmoja. Wakamwita. Niliunguza shuka la hoteli, shimo la ukubwa wa pasi kamili, na sikusikia hata harufu.

Alhamisi nikaenda Ofisini.

Ni jengo lililopangwa vizuri sana. Wahusika Wakuu wana chumba chenye mapazia na feni. Wahusika Wasaidizi wana benchi la ukumbini. Mlangoni dada wa mapokezi akaniuliza mimi ni mhusika mkuu au msaidizi. Nikamjibu mimi ni mama wa mtoto. Akaandika "msaidizi", akanionyesha benchi kwa kalamu. Nilikaa na baba mmoja ambaye kijana wake aliandika kwamba kitabu kinachekesha. Alikuwa anakuja kwa mwezi wa pili.

Saa nane nikaitwa. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza kubwa, mtu mzima, suti safi, kola imenyooka, niliipenda. Watu humwita Mzee Muhtasari, kwa kuwa hajawahi kungoja mtu amalize sentensi. Alikuwa akitia sahihi lundo la karatasi huku akitazama dirishani, mkono wenyewe unajua njia. Pembeni yake alikaa Karani wa Alama, bwana mwembamba mwenye kalamu nyekundu, anayesifika kwa uaminifu. Ukutani palikuwa na tangazo kwenye fremu, na kwa kuwa nilikuwa na woga nililisoma lote: jibu lolote litakalotolewa ndani ya chumba hiki litasahihishwa papo hapo, bila kujali cheo, na atakayepata sifuri atarudia darasa la saba. Chini yake, sahihi ya Mkurugenzi.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaanza. "Mzee, binti yangu..."

"Analilia alama. Endelea."

"Hajalia, mzee. Yeye alihesa..."

"Alijifanya anajua. Endelea."

Kabla sijaendelea, akaendelea mwenyewe. Akanieleza kwa upole kwamba kaka mkubwa ndiye mhusika mkuu kwa sababu ndiye anayesema sana. Ofisi ilihesabu maneno yake kwa mashine. Yule mwanamke ana maneno kumi na tisa kitabu kizima, na tisa kati yake ni "abee".

Nikamwambia sina elimu ya kubishana na mashine, ila mimi nafua nguo za wageni ambao siwaoni. Nikishika shati najua mwenyewe kashinda ameinama au ameegemea kiti. Na wale ambao sauti zao zinasikika mpaka kwetu chini wanapopiga simu, mara nyingi mashati yao hayana jasho. Jasho nalikuta kwenye sare za wahudumu. Mkurugenzi akacheka, akamtazama Karani ili naye acheke. Karani akacheka kwa kiasi kinachoruhusiwa.

Hapo sijui nini kilinisukuma. Labda ile Ijumaa. Nikamwuliza, "Mzee, wewe mwenyewe ulikisoma lini?"

"Nikiwa darasa la saba."

"Na ukikifikiria sasa hivi, unakumbuka nini?"

Akafungua mdomo aseme umoja, nikaona midomo imeshajipanga. Umoja haukutoka. Mkono ukaacha kutia sahihi.

"Beseni," akasema.

Karani akainua kichwa.

"Alitia mguu mmoja tu," akasema Mkurugenzi. "Nilikifunga kile kitabu nikaenda jikoni kumtazama mama yangu. Alikuwa amesimama. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimwona ameketi. Sikukumbuka, mama. Mpaka leo sikumbuki."

Akatoa leso. Mimi nami nikatafuta yangu. Kalamu ya Karani haikusimama, kwa sababu yeye ni mtu wa kazi. Alipomaliza akasoma kwa sauti ya kawaida, kama asomavyo siku zote: "Mhusika mkuu, si sahihi. Mgogoro, haukutajwa. Dhamira, haikutajwa. Kwenda jikoni, haimo katika mwongozo. Sifuri juu ya kumi."

Akamsogezea karatasi. Na Mkurugenzi, mkono mmoja ukifuta macho, kwa mkono wa pili akatia sahihi.

Siwezi kuilaumu serikali. Utaratibu ulifuatwa neno kwa neno. Jumatatu Mkurugenzi akaripoti shuleni kwetu, akapewa dawati la tatu, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu mkuu alihangaika kidogo kuhusu nani amwamkie nani. Watoto walimpokea vizuri, wakamwonyesha choo kinachofungika.

Shida ilikuwa Ofisini. Orodha ya sekondari haikuweza kufungwa Ijumaa, maana ilihitaji sahihi ya Mkurugenzi, na mwanafunzi haruhusiwi kutia sahihi nyaraka za serikali. Mwongozo nao usingeweza kurekebishwa ili umwokoe Mkurugenzi bila Mkurugenzi kuidhinisha. Tarishi alikuja na majalada hadi dirisha la darasa. Mwalimu akamfukuza: wageni ni saa ya mapumziko.

Mwisho Karani akapewa kukaimu. Kwanza akafanya jambo ambalo, kwa maelezo ya dada wa mapokezi, halikuwahi kufanyika katika jengo lile. Akaomba kitabu chenyewe. Kilitafutwa siku mbili. Akajifungia nacho siku tatu, akatoka na macho mekundu kama kalamu yake, akaandika kwamba uchovu ni dhamira inayokubalika, na wote waliopata sifuri wafanye mtihani upya.

Wakaufanya katika chumba kimoja. Binti yangu alipata nane. Alikatwa mbili kwa mwandiko. Jina lake liliingia kwenye orodha namba kumi na sita; nimeiona kwa macho yangu, nikaigusa, mlinzi akaniambia nisiguse.

Mkurugenzi alipata tatu. Aliandika mstari mmoja: mhusika mkuu ni mama, dhamira ni uchovu. Karani akaweka maoni pembeni kwa wino mwekundu: "Hakutoa mfano hata mmoja kutoka kitabuni. Arudie." Basi bado yuko pale, dawati la tatu. Nasikia anaendelea vizuri katika hesabu.

Wazazi wenzangu, nimeandika haya ili yasiwapate. Mambo ya kuepuka ni haya:

Kumpa mtoto mwongozo kabla ya kitabu.

Kusoma ukiwa umeshika pasi.

Kumkataza mtoto kuhesabu.

Kwenda Ofisini bila kula. Benchi ni refu na halisogei.

Kumwuliza mkubwa anakumbuka nini, kama karani wake ni mwaminifu.

Kutia sahihi huku unafuta macho.

Kudhani mtoto akishafaulu utalala usingizi. Nimeulizia. Sekondari wanasoma vitabu sita.