Klematisi ya Jirani

Jumatatu, 3 Juni 1957
Nimekasirika tangu saa ya chai. Msimamizi wa majumba amekuja landhini, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, kutangaza kwamba nyumba ya pembeni, ile ya vyumba viwili na jiko la nje, atapewa mwenye bustani nzuri kuliko wote. Ukaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sisi tuko sita katika chumba kimoja: mimi, mke wangu Jepkorir, watoto watatu, na mama yangu, anayelala kando ya jiko akikohoa. Nyumba hiyo ni yangu. Ni haki!

Kikwazo ni kimoja: Mzee Hemed, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayeshona viti vya mabehewa. Klematisi yake, ule mmea wa maua unaotambaa, imepanda nguzo ya baraza mpaka kwenye mabati. Maua ya zambarau, mapana kama visahani. Yangu ni majani na aibu. Na sote wawili tulipewa vipandikizi na mpishi mmoja wa shamba la Njoro, kutoka mmea mmoja!

Jepkorir anasema kosa ni langu, nimeihamisha mara tatu. Niliihamisha kwa sababu haikuwa na bidii.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwuliza Hemed siri yake, kwa ujanja, kama mtu asiye na haja. Akanijibu waziwazi: "Mmea huu, jirani, unataka miguu kivulini na kichwa juani. Halafu uuache."

Niuache! Nani hutoa siri ya kweli bure hivyo? Nikachungulia shinani. Mawe bapa, yamepangwa kama sahani za harusi. Kumbe siri ni mawe. Mzee mnafiki!

Ijumaa, 7 Juni
Hemed alipokwenda msikitini nikayabeba mawe yake yote ndani ya koti la kazini. Moja likaniangukia kidole cha mguu. Sikupiga kelele. Jepkorir anasema nilipiga, na landhi nzima ilisikia.

Nimeyarundika kwenye shina langu, mpaka magotini. Akitumia machache yeye, nitatumia mengi mimi.

Hemed alirudi, akatazama shina lake lililo uchi, akatazama rundo langu. Akanipa pole ya kidole. Pole! Nimekibamiza kikombe mezani mpaka chai ikamwagika.

Jumatatu, 10 Juni
Hemed amepanda mnanaa pale palipokuwa na mawe. Shina liko kivulini, baraza linanukia, na wapita njia wanasimama kusifu. Amenitumia mimi kupendezesha bustani yake!

Na chini ya mawe yangu wamehamia konokono. Wametafuna kila chipukizi. Klematisi yangu sasa ni kamba kavu. Nimewatukana konokono mmoja mmoja. Jepkorir alisema, "Baba Cherono, rudisha mawe ya watu." Nikamwambia hajui vita.

Alhamisi, 13 Juni
Nimepata njia! Dukani kwa Bashir kuna karatasi laini za mapambo, rangi ya zambarau ileile. Nimemwambia mama zinatakiwa ziwe maua ya kanisani. Amekaa kutwa akikunja, akiimba, akikohoa. Vidole vyake bado ni hodari. Ametengeneza maua mazuri kuliko ya Mungu.

Jepkorir alipojua nilichomdanganyia mama, aliacha kusema nami. Afadhali. Kazi inataka utulivu.

Jumamosi, 15 Juni
Siandiki kwa sababu ya hasira.

Naandika. Asubuhi nilifunga maua yote kwa uzi. Watu wakapigwa na butwaa. Hata Hemed alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Msimamizi akaingia landhini kwa soksi zake ndefu nyeupe, na papo hapo mvua ikamwagika. Mvua ya Nakuru haina adabu! Akakimbilia wapi kujikinga? Barazani kwangu.

Rangi ikaanza kutiririka. Ikashuka ukutani, ikashuka nguzoni, ikashuka kwenye soksi. Akashika ua moja, likamlainikia mkononi kama uji. Akauliza huu ni mmea gani. Nikajibu ni aina inayotoa jasho wakati wa baridi.

Mama akatoka ndani, akauliza kwa sauti kubwa mbona maua ya kanisa yamefungwa kwenye kamba.

Msimamizi alicheka mpaka akauegemea ukuta. Alipogeuka, mgongo wake ulikuwa wa zambarau. Hemed ameshinda.

Jumatano, 19 Juni
Sasa hili ndilo tusi kubwa kuliko yote. Hemed amekwenda ofisini akasema yeye na binti yake Mastura chumba kimoja kinawatosha. Nyumba ya pembeni wapewe wenye mama mgonjwa. Wamekubali!

Nilimfuata barazani kwake, ngumi nimezikunja. Nikamwuliza ananifanyia hivyo kwa nini. Hakuacha kumwagilia mnanaa wake. "Mama yako asilale kwenye moshi mwaka mwingine, jirani. Kikohozi chake nakisikia ukutani kila siku."

Ngumi zilikunjuka zenyewe. Nadhani ni hasira.

Jumapili, 23 Juni
Tumehama. Mama ana chumba, ana dirisha, amelala mchana kutwa bila kukohoa. Jepkorir ameanza tena kusema nami, kidogo. Hemed alisaidia kubeba kitanda. Nimelifikiria jambo lake kwa makini na nimelielewa: mzee aliniogopa. Aliona mwakani nitamshinda, akaniondoa karibu.

Jirani wa huku anaitwa Kemboi, fundi wa breki. Leo amenisalimu kwa tabasamu, akaniletea maziwa lala kwenye kibuyu. Anajidai nini? Nyuma yake nimeona maua ya dalia mekundu, makubwa kama kofia.

Kesho anaingia kazini alfajiri. Nimeshanoa jembe.