Kwanza Tembo, Kisha Bahari

Jumatatu, 1 Julai 1968. Same
Leo nimepata wazo kubwa! Sista Ingrid, nesi Mzungu wa misheni, anarudi kwao mwisho wa mwezi. Miaka tisa anazalisha wanawake wa milimani, hajaona tembo wala kulala ufukweni. Nikamwambia aniachie mimi. Kwanza tembo wa Mkomazi, halafu treni hadi Tanga, halafu kisiwa cha Yambe. Mpishi? Mke wangu Jenoveva! Tangu tuoane namwahidi bahari kila mwaka. Safari hii ataiona.
Mimi mwenyewe sijafika Tanga. Lakini fundi cherehani anayeweza koti la suti atashindwaje na safari?

Jumatano, 3 Julai
Anaeli, karani wa stesheni, amesikia. Amekimbilia misheni kuomba awe kiongozi yeye. Eti baba yake aliwinda tembo. Tena kamwambia Sista kwamba mwaka juzi nilikimbizwa na ndama mnadani. Uongo! Alikuwa ng'ombe mzima.
Azimio la Arusha limesema tujitegemee, basi hema nimelishona mwenyewe. Mlango umetokea juu kidogo. Utarekebishika.

Alhamisi, 4 Julai
Nimempa Yahaya, dereva wa lori la mkonge, hema, sufuria na masanduku, avitangulize. Nikamwambia apeleke kisiwani. Nikarudia mara mbili ili asikosee.

Ijumaa, 5 Julai
Balaa! Mizigo imefika salama kijijini Kisiwani! Kisiwani hii hii yetu, chini ya milima, isiyo na bahari hata ya kunawa uso. Nikamfokea Yahaya kwamba nilisema kisiwani. Akajibu ndiko alikokwenda.
Stesheni nzima inacheka. Jenoveva alikuwa amevaa gauni jipya la safari, akilijaribu. Akalivua, akalikunja taratibu, wala hakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 6 Julai
Tumefuata mizigo kwa gari la misheni. Sista kashika usukani, Anaeli kajipakia bila kualikwa. Karibu na Kisiwani, Jenoveva akamwambia Sista asimame, azime injini, tunyamaze.
TEMBO! Saba, na mtoto wao, wanakatiza barabara mbele yetu bila haraka. Sista analia kwa furaha. Jenoveva kamshika mkono. Anaeli, mtoto wa mwindaji, kajificha chini ya kiti. Najua, maana tulibanana.
Baadaye nikamweleza Sista kuwa mizigo niliipeleka kule makusudi.
“Fundi,” akasema, “wewe ni mwongo mzuri. Jumatatu twende Tanga.”

Alhamisi, 11 Julai. Yambe
Nimetapika mashuani toka pwani hadi hapa. Hema limeanguka mara mbili. Lakini Jenoveva! Kaingia majini na gauni lake jipya, kachota kwa kiganja, kaonja.
“Baba Asheri, ni chumvi kweli!”
Akacheka saa nzima. Sijapata kumsikia akicheka hivyo. Sista akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni mchanga.

Jumapili, 14 Julai. Same
Tumerudi. Sista kasema safari imefaulu kwa sababu ya Jenoveva, na kwamba mimi cherehani inanifaa sana. Sijui alimaanisha nini. Si kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga?
Mwezi ujao: Ziwa Jipe! Kwaya nzima ya usharika, mtumbwi mmoja. Kuna anayesema huko kuna viboko. Vizuri. Tutawaimbia.