Ramani ya Mvua na Bâche ya Mama Pascasie

Jumatano, tarehe 12 Novemba
Kambere, mume wangu, ameniwekea ramani ya mvua katika telefone. Unaona Goma yetu, na mawingu ya rangi yanatembea juu yake kama ng'ombe wa Masisi. Ajabu! Jumapili mutoto wangu Olive anabatizwa, wageni watakaa inje. Bâche kubwa, turubai ya kufunika wageni, iko moja tu hapa avenue: ya jirani, Mama Pascasie. Kumuomba? Atanikumbusha sufuria yake niliyounguza. Hapana! Saa kavu nitaichagua mwenyewe, kwa ramani.

Alhamisi, 13
Ramani yote vert, kama majani. Rangi ninazijua. Mutoto gani wa Goma asiyezijua? Volkano ilitufundisha kwa rangi zake za hatari: vert, lala; jaune, sikiliza; orange, funga mizigo; rouge, ile nyekundu, kimbia. Basi nikaanika nguo nyeupe ya ubatizo. Ikanyesha, ndogo ndogo. Mama mukwe akasema goti lake lilimuambia tangu asubui kwamba itanyesha. Goti! Nikamujibu kwa heshima kwamba hayo ni mabaki ya mvua ya jana.

Ijumaa, 14
ROUGE! Yote! Nikamufunga Olive mugongoni, nikatoka mbio nikipiga kelele: rouge, rouge! Avenue nzima ikatoka. Muzee Ntirenganya alikuwa tayari barabarani, godoro kichwani, mbuzi mukononi. Kisha ikaanguka mvua. Mvua tu! Mama Pascasie akakunjua bâche yake, akamufunika kwanza Olive, halafu sisi wote, na mbuzi. Akaniambia: Mama Olive, siku ingine useme mvua. Wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Sufuria hakuitaja.

Jumamosi, 15
Kambere amenieleza polepole: hizi si rangi za volkano. Vert ni mvua kidogo, rouge ni mvua kali. Nimeelewa kabisa. Mama Pascasie ameleta bâche mwenyewe, bila kuombwa, wanaume wameifunga juu ya viti. Nimemukumbatia, machozi yakanitoka.

Jumapili, 16, asubui
Olive amevaa nyeupe, anacheka na jino lake moja. Nimefungua ramani. Vert hakuna. Rouge hakuna. Kuna violet kama bilinganya, pana, inatoka ziwani inakuja moja kwa moja kwetu. Violet Kambere hakuitaja. Lakini ninaijua! Ni rangi padri anavaa wakati wa Kwaresima. Mungu mwenyewe amejibu: leo mvua hakuna.

Nimesema bâche ishushwe, jua limuone mutoto. Mama mukwe ameshika magoti yote mawili.