Wakili Kombe na Mbuzi wa Garama

Jumatatu ilikuwa siku nzuri ya kazi kwa Kombe. Waliokamatwa mwisho wa wiki hufikishwa mahakamani Jumatatu, na jamaa zao hufika Kwale mapema, hawajanywa chai, hawajui waingie mlango gani. Kombe huwa amekwisha kufika. Suti nyeusi, tai nyekundu, faili nene kwapani. Ndani ya faili mlikuwa na magazeti ya mwaka juzi, lakini hakuna mteja aliyewahi kuonyeshwa ndani ya faili.

Tuseme ukweli mapema ili tusije tukasumbuana: Kombe hakuwa wakili. Sheria aliisomea kwenye benchi la nyuma la mahakama, akiwasikiliza mawakili wa kweli, na akahitimu siku alipogundua jambo moja. Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa dogo, mara nyingi hakimu humpa dhamana, awe na wakili au asiwe naye, kwa kuwa ni haki yake. Basi Kombe aliiuza haki hiyo asubuhi, kabla hakimu hajaitoa bure. Mshtakiwa akiachiliwa, Kombe amefanya kazi. Akirudishwa rumande, hakimu ameamka vibaya, tujaribu tena wiki ijayo. Biashara safi, haina mtaji wala hasara.

Jumatatu hiyo macho yake yalitua kwa mama mmoja aliyeketi peke yake kwenye ngazi, leso kiunoni, viatu vimejaa vumbi jekundu. Kombe alikaza tai.

"Shikamoo, mama. Pole na msukosuko."

"Marahaba. Umejuaje nina msukosuko?"

"Kujua ndiyo kazi yangu. Wakili Kombe."

Mama aliitwa Wayua. Yeye na mumewe, Muasya, walikuwa Wakamba wa mashamba ya skimu ya makazi kule juu, wakulima wenye mbuzi wachache. Ijumaa polisi walimchukua Muasya kwa sababu jirani yao, mfugaji aitwaye Garama, alikuwa amepoteza beberu.

"Na beberu amepatikana kwenu?" Kombe aliuliza.

"Hajapatikana popote. Lakini hawa wawili waligombana juu ya malisho. Sasa kitu cha Garama kikipotea, mwizi ni Muasya."

Kombe alitikisa kichwa kwa huzuni ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo. "Kesi ya mifugo ni nzito sana, mama. Dhamana yake ina njia zake."

"Njia gani?"

"Za ndani."

"Mimi pesa sina, wakili."

"Pesa si kila kitu, mama yangu," alisema Kombe, na sijui alilitoa wapi neno hilo, maana hakuliamini hata kidogo. "Lakini mfugaji hakosi cha kumpa mtu kama shukrani."

Wayua alikaza leso yake kiunoni. Akasema ana mbuzi nyumbani, angemletea mmoja kesho. Kombe akamwelekeza nyumbani kwake Bongwe, akamuaga, akaenda kuwashughulikia wateja wengine wawili. Ndani ya mahakama hakuingia, kwani humo mlikuwa na mawakili.

Laiti angeingia. Angemwona Wakili Kahaso, mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye huwasimamia bure wasio na uwezo. Kahaso aliketi na Muasya kwanza, akamsikiliza mpaka akamaliza, akaisoma hati ya mashtaka mara mbili, kisha akasimama na kuuliza polisi wana ushahidi gani. Polisi waliomba muda. Hakimu akasema uamuzi wa dhamana ni Alhamisi.

Jumanne adhuhuri Wayua alifika Bongwe akivuta beberu mweusi kwa kamba. Mnyama alikuwa na afya, na Kombe alimzunguka akitabasamu. Mfugaji yeyote wa bara angeanza kutazama masikio, kwa maana kila boma huko lina namna yake ya kuyakata, na sikio la mbuzi husomeka vizuri kuliko kitambulisho. Kombe, mtoto wa mjini Ukunda, alianza na mapaja.

"Dhamana ni Alhamisi, mama. Nimeshasema na watu."

"Ahsante, wakili," alisema Wayua kwa adabu. "Mtunze huyo. Usimchinje kabla ya Alhamisi, ni mkosi."

Kombe hakuwahi kuusikia mkosi huo, lakini watu wa skimu wana mambo yao.

Jumatano asubuhi alikuwa uani akimkatia beberu majani alipoingia polisi mmoja akiwa na mzee mrefu aliyevaa kofia. Mzee hakuamkua. Alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi, akalishika sikio la kushoto, akalikunjua.

"Mikato miwili mbele, mmoja nyuma," alisema Garama. "Huyu ni wangu, afande. Alizaliwa mikononi mwangu."

"Umempata wapi?" polisi alimuuliza Kombe.

"Nimemnunua."

"Karatasi ya mnada iko wapi?"

"Yaani, nimelipwa. Nilifanya kazi, nikalipwa mbuzi."

"Kazi gani?"

Kombe aliinama, akaendelea kumkatia beberu majani.

Alhamisi, basi, Kombe alifika mahakamani mapema kama kawaida yake, ila safari hii alipitia mlango wa nyuma, mkono mmoja ndani ya pingu. Hofu ilimkamata kwelikweli. Wizi wa mifugo ni kifungo cha miaka, na alikuwa amewaona wanaume wakubwa kuliko yeye wakilia walipohukumiwa. Kupitia nondo za mahabusu akamwona Wayua kwenye ujia.

"Mama! Waambie ulinipa wewe!"

Wayua alisogea. "Nitawaambia. Jumapili beberu huyo alitoka porini mwenyewe, akafuatana na mbuzi wangu mpaka zizini. Ningempeleka polisi, nani angeniamini? Jumatatu mwanasheria wa kweli akaniambia dhamana haiuzwi. Basi nikaona mbuzi akae kwa wakili. Halafu nikamwambia Garama nimemwona mbuzi wake Bongwe, na sikusema uongo." Akashusha sauti. "Wakiniuliza nilikulipa kwa kazi gani, niseme nini?"

Kombe aliona mtego wote mara moja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa fani, aliuonea wivu. Akinyamaza, ni mwizi wa mbuzi. Akijieleza, ni wakili bandia, nalo ni kosa jingine.

Wakili Kahaso alipopita, Kombe alimshika kwa maneno. "Dada, nitetee!"

"Siwezi. Mimi namtetea Muasya. Maneno ya kukuokoa wewe yanaweza kumrudisha yeye ndani, na sheria hainiruhusu kukaa pande mbili." Kisha akamhurumia. "Lakini haya hata mtoto huambiwa. Ukisomewa mashtaka, kana. Omba dhamana, ni haki yako. Halafu nyamaza. Watu wengi hujifunga kwa midomo yao wenyewe. Polisi lazima wakuonyeshe ushahidi wao kabla ya kesi kusikizwa, na wakati huo utakuwa umepata wakili wa kukusikiliza."

Yalikuwa maneno machache, na Kombe aliyashika yote. Muasya aliitwa kwanza. Mashtaka yakaondolewa, akatoka akiwa amemshika Wayua mkono. Kisha likaitwa jina la Kombe.

"Mashtaka umeyasikia. Unakiri au unakana?"

"Nakana, Mheshimiwa. Naomba dhamana."

Akanyamaza. Ilimuuma, lakini alinyamaza. Mwendesha mashtaka hakuwa na pingamizi. Hakimu alishika kalamu, na Kombe akaanza kuuona mlango.

"Una wakili?" hakimu aliuliza, akiandika.

"Sina, Mheshimiwa."

Kwenye benchi la nyuma mzee mmoja wa Kibuyuni alisimama, kofia mkononi. Alikuwa Mzee Suleiman, mwenye kesi ya ugomvi wa mwani, na uso wake ulijaa huruma.

"Mheshimiwa, nisamehe kuingilia. Huyu kijana ana unyenyekevu tu. Atakosaje wakili na yeye mwenyewe ndiye wakili? Mimi ananisimamia tangu Ramadhani."

"Hata mimi," alisema mama mmoja kando yake, akisimama kumsaidia Kombe. "Wakili mzuri sana, Mheshimiwa. Ndiye aliyemtoa mume wangu rumande."

Hakimu aliweka kalamu chini. Akavua miwani, akalitazama benchi la nyuma.

"Wengine anaowatetea wako hapa?"

Mikono sita ilinyanyuka, kila mmoja ukiwa na nia njema.

Kombe aliihesabu. Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, naomba kesi iahirishwe, nikatafute wakili."